Vyombo vya Mianzi vya Wakulima wa Kirabha

Warabha ni wakulima wa mpunga wa kaskazini-mashariki mwa India. Wengi wao wanaishi magharibi mwa jimbo la Assam, hasa wilaya za Goalpara na Kamrup katika bonde la mto Brahmaputra. Wengine wako kwenye vilima vya Garo jimboni Meghalaya, na wengine kaskazini mwa West Bengal, pembezoni mwa misitu ya Jalpaiguri na Alipurduar. Lugha yao ya asili ni ya jamii ya Kitibeti-Kiburma, ingawa kundi la Pati siku hizi huzungumza Kiassam, na majina ya vyombo yanayotumika hapa ni ya Kiassam, yanayoeleweka sokoni bondeni kote.

Nyuma ya nyumba za wakulima hao huoteshwa kichaka cha mianzi, na humo ndimo inamotoka malighafi ya karibu kila chombo cha shambani: cha kubebea, cha kupepetea, cha kuchekechea, cha kuwekea akiba na hata cha kuvulia samaki mashamba yanapojaa maji. Ukubwa na umbo hutofautiana, lakini jambo la kwanza analoamua msukaji ni nafasi itakayobaki kati ya chane na chane. Chombo cha majini husukwa wazi ili maji yapite, cha kuchekechea husukwa kwa matundu yaliyopimwa, na cha kutunzia nafaka husukwa kwa kubana kabisa, kisha hukandikwa.

Mianzi haifai yote kwa kazi moja. Aina ya Bambusa tulda, ambayo Waassam huiita jati, ina pingili ndefu na nyuzi zilizonyooka, kwa hiyo hupasuka vizuri na kutoa chane nyembamba zisizokatika. Bambusa balcooa, yaani bhaluka, ni mnene na mgumu, hivyo hupendelewa kwa nguzo na miti ya kujengea. Mwanzi hufikia urefu wake wote ndani ya msimu mmoja wa mvua na baada ya hapo haunenepi tena. Unachofanya ni kukomaa. Ukikatwa mchanga hunywea na kujikunja ukikauka, ukizeeka mno hukataa kupindwa, na kwa kusukia unaofaa zaidi ni wa takriban miaka mitatu. Hukatwa juu kidogo tu ya kifundo, maana kisiki kikiachwa na kikombe wazi maji ya mvua hutuama humo na kuozesha shina.

Majira ya kukata nayo yana sababu yake. Adui mkubwa wa chombo cha mwanzi ni bungua, na bungua hufuata wanga uliomo ndani ya mti. Miezi ya baridi baada ya mvua wanga hupungua, ndiyo maana ukataji mwingi hufanyika wakati huo. Baadhi ya mafundi huongeza kinga kwa kulowesha mianzi bwawani majuma kadhaa ili wanga uliobaki utoke. Chombo kilichokamilika nacho huweza kuning'inizwa kwenye uchaga juu ya meko, kikapata moshi hadi kikawa na rangi ya kahawia iliyoiva, na moshi huo humzuia mdudu vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Usukaji wa mianzi kwa kawaida ni kazi ya wanaume, ilhali wanawake ndio wafumaji wa nguo. Kifaa kikuu ni dao, panga zito lenye makali upande mmoja. Pingili hupasuliwa nusu, kisha robo, kisha vipande vyembamba zaidi. Mwisho kila kipande hutenganishwa ngozi ya nje na nyama ya ndani. Hapa ndipo ufundi unapojulikana. Makali huingizwa kidogo tu mwanzoni, na kuanzia hapo fundi huusukuma mpasuko kwa vidole huku akisikiliza mkono: upande unaoanza kuwa mnene ndio unaokunjwa zaidi, ili mpasuko urudi katikati. Chane za ngozi zina silika nyingi, hazipitishi maji kwa urahisi na hustahimili kuvutwa, kwa hiyo huwekwa kwenye mbavu na mahali penye uzito. Chane za ndani ni laini na hulika upesi; hizo huwa za kujazia.

Kapu la kubebea huanzia kitako. Makundi mawili ya chane hupishanishwa yakafanya mraba, na chini yake huweza kupitishwa vipande vinene, kona hadi kona, ili kitako kisibonyee. Chane hukunjwa kuelekea juu zikawa mbavu, na chane nyingine huzungushwa kuzipita nje na ndani. Msuko rahisi wa juu-moja-chini-moja kwa uzi mmoja usiokatika hudai mbavu ziwe witiri; zikiwa shufwa, mzunguko wa pili utafuata njia ileile ya kwanza na msuko hautashika. Mraba wa chini hugeuka duara taratibu kadiri kapu linavyopanda. Mdomo hufungwa kwa pete mbili za mwanzi, moja ndani na moja nje, zikakazwa kwa henzirani. Mdomo ukilegea, kapu zima limekwisha, hata kama mwili wake ungali mzima.

Mpunga mkuu wa Assam, unaoitwa sali, hupandikizwa katikati ya mvua na kuvunwa kati ya Novemba na Desemba. Miganda ya mavuno haihitaji kapu. Hubebwa kwa mzegazega wa mwanzi uliochongwa ncha mbili, kila ncha ikachomwa kwenye mganda. Makapu huingia kazini baada ya kupura, kazi ambayo kwa desturi hufanywa kwa kuzungusha ng'ombe juu ya uwanja uliosiribwa kwa udongo na samadi. Kwanza huja chaloni, chekecheke la matundu mapana linalozuia vipande vya majani makavu. Baada ya kukoboa hutumika chekecheke la matundu madogo, linaloangusha pumba laini na chenga na kubakiza mchele.

Kati ya hatua hizo mbili ndipo penye kula, ambao ni ungo wa huko. Tofauti na ungo wa duara unaofahamika Afrika Mashariki, kula una ukingo ulioinuka nyuma na pembeni tu, huku mbele ukiwa wazi na bapa. Mpepetaji hurusha nafaka kidogo na kuipokea kwa kuvuta mikono nyuma; punje nzito hurudi zikajikusanya kwenye ukingo, na makapi husogea mbele hadi yakamwagika yenyewe. Trei ya duara ya dala hutumika kuanikia, na katika nyumba zinazofuga viwavi wa hariri ya eri, trei kama hizo huwa malisho yao.

Akiba huwekwa katika duli, chombo kikubwa kinachofanana na kihenge. Msuko wake hukandikwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, kisha huinuliwa kutoka sakafuni ili kuepuka unyevu na panya.

Mvua zikirudi, mashamba yenyewe huwa mahali pa kuvulia. Wanawake huingia na jakoi, upawa mkubwa wa mianzi wenye mdomo wazi, wakiukokota kwa mkono huku wakikanyaga matope kuwasukumia samaki ndani. Anayenaswa huhamishiwa kwenye khaloi, kikapu chenye shingo nyembamba kinachofungwa kiunoni. Polo hufanya kazi kwa njia nyingine: ni koni iliyo wazi juu na chini, hushindiliwa ghafla kwenye maji mafupi, kisha mkono hupitishwa kwa juu kumtafuta samaki aliyefunikwa.

Magunia ya plastiki yamepunguza sana haja ya duli, kwa kuwa gunia ni rahisi na halihitaji kukandikwa. Kula na chaloni vimestahimili zaidi, kwani gunia haliwezi kutenga punje na pumba. Kisheria, mwanzi ulihesabiwa kuwa mti chini ya Sheria ya Misitu ya India ya 1927, jambo lililoleta masharti ya vibali katika kuukata na kuusafirisha. Marekebisho ya 2017 yaliuondoa katika fungu hilo mwanzi unaoota nje ya misitu, ukiwemo ule wa vichaka vya nyuma ya nyumba.