Kabla Rangi ya Jinzi Haijafika Mtoni

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou kufungasha mizigo wanaijua Xintang kwa jinzi. Mji huo wa viwanda, kando ya Mto Dong, umekuwa ukiitwa makao makuu ya jinzi duniani. Mwaka 2010 shirika la Greenpeace lilipima maji na tope la huko. Sampuli moja ya tope ilikutwa na kadimiamu mara 128 zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa China.

Mvaaji hutaka suruali mpya ionekane imechakaa, kwa hiyo kiwanda huifua na kuifua tena hadi nili ichujuke. Bakteria wa mabwawa ya majitaka huzishindwa rangi nyingi za viwandani, nayo maji hutoka bado yana rangi.

Njia moja inayonipa matumaini ilianzia Japani. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kwamba titani dioksidi ikimulikwa ndani ya maji huweza kuyapasua maji yenyewe. Mwanga wa urujuanimno ukiigonga, huzaliwa chembe kali za haidroksili ambazo huirarua molekuli ya rangi, na zikipewa muda wa kutosha huiacha ikiwa hasa kaboni dioksidi na maji. Tatizo ni unga wenyewe wa titani dioksidi: ni laini mno, utaukamataje usiondoke na maji? Hapo ndipo utando wa kauri unapoingia. Vitundu vyake huuzuia unga, au unga hupakwa juu yake moja kwa moja. Utando wa plastiki ungeliwa na chembe zilezile. Kauri, iliyookwa kwa moto mkali, huzistahimili. Tena uchafu unaoziba vitundu nao huunguzwa na mwanga.

Lakini maji meusi hayapitishi mwanga. Lazima yatuamishwe kwanza. Jua nalo lina urujuanimno kidogo tu, hivyo taa zitahitajika, na taa ni umeme. Zaidi ya yote, kadimiamu ni elementi. Hakuna mwanga wa taa utakaoivunja. Inabidi igandishwe kwa kemikali, tope lake litunzwe mbali na mto.

Suala hili si la China tu: Athi River, Kenya, viwanda vya eneo huru la mauzo ya nje hushona jinzi za kuuzwa Marekani. Kila kinachofua huko kinastahili kudaiwa mtambo kamili wa kusafisha maji kabla ya kupewa kibali, na gharama yake naiona ni halali ya mnunuzi wa suruali, si ya mkulima anayemwagilia kutoka mto uleule.