Fahamu: Kwa nini niasini huwasha ngozi

Ukimeza dozi kubwa ya niasini, yaani vitamini B3, uso na shingo hupata joto na kuwasha. Mwasho huo si mzio. Mwaka 2003 watafiti walitambua kipokezi cha niasini, GPR109A, kinachopatikana kwenye seli za mafuta na za kinga. Kikiamshwa kwenye ngozi, seli zake hutoa prostaglandini, kemikali zinazotanua mishipa midogo ya damu. Ndiyo maana aspirini, inayozuia prostaglandini, hupunguza mwasho. La kustaajabisha zaidi, kipokezi hichohicho huamshwa na ketoni ambayo ini hutengeneza mtu akikaa na njaa muda mrefu. Nikotinamidi, ndugu wa niasini, haikiamshi. Usimeze dozi kubwa bila ushauri wa daktari. Inaweza kudhuru ini.