Uso wako unapimwa na kipimo cha nani?

Tuanze na jambo linaloweza kumupata kila mwanafunzi anayeenda kuuliza bei ya waya za meno. Binti wa miaka 19 anapigwa radio ya kichwa ya upande. Munganga anachora mistari, anapima pembe kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini: digrii 118. Anafungua jedwali, jedwali linasema 131. Jibu linatoka haraka: tung'oe meno manne, yale yanayofuata chonge, kisha tuvute ya mbele yarudi nyuma.

Mbele ya kukubali, uliza: hiyo 131 ilitoka wapi?

Ilitoka Marekani. Kupima uso kwa radio kulianza 1931, wakati Broadbent kule Cleveland na Hofrath kule Ujerumani walipata namna ya kushika kichwa mahali pamoja ili picha mbili ziweze kulinganishwa. Mu 1948 Downs alitoa vipimo vyake: vijana 20 tu, wote Wazungu, wenye meno yaliyopangika vizuri. Mu 1953 Steiner akatoa vyake, na vinafundishwa hadi leo: SNA 82, SNB 80, ANB 2. Hiyo ya mwisho inaonyesha taya ya juu imeipita ya chini kiasi gani.

Sasa, kwa watu wengi wenye asili ya Afrika kusini ya Sahara, taya zote mbili ziko mbele zaidi, na meno ya mbele yameinama kuelekea midomo. Pembe inashuka. 120 ao chini yake haishangazi kwa muntu anayetafuna vizuri na kufunga mdomo bila kujikaza. Huyu binti anaweza kuwa hana ugonjwa wowote, na meno manne mazima yatang'olewa juu ya jedwali. Hayaoti tena.

Lakini tusikimbilie upande mwingine. Kama midomo haifungi bila kukaza kidevu, ao mwenyewe hapendi namna meno yake yanaonekana, kung'oa kunaweza kuwa matibabu mazuri. Kumujibu "sisi Waafrika tuko hivyo" ni uvivu.

Tofauti ya wanaume na wanawake iko zaidi mu milimita: taya ya chini ya mwanaume mzima ni ndefu zaidi. Pembe hazipishani sana. Kinachochanganya ni wakati: wasichana wanakua kwa kasi karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14. Kwa hiyo kifaa cha kusukuma taya mbele, mu miaka 12, kinaweza kumukuta dada kileleni na kaka bado hajaanza kupanda.

Wengine wanashtuka wakisikia kupima nyuso kwa asili, na wana haki. Hapa Maziwa Makuu, Wabelgiji walipima pua na vichwa, na mu miaka ya 1930 kule Rwanda wakaandika kabila mu kitambulisho. Tunajua ilifika wapi. Wastani ni wa kundi. Haumwambii muntu yeye ni nani.

Wewe uliye mu meno na unatafuta kichwa cha TFC, iko hapo. Tumia radio zilizolala tayari mu makabati ya kliniki, kwa ruhusa, majina yamefichwa. Tenga wavulana na wasichana, andika umri. Usimupige mutoto mzima radio juu ya kazi yako.