Karafuu Isiyotiwa Katika Bia

Jumamosi moja alasiri, mwanafunzi wangu wa zamani alinialika nikaonje bia ya ngano katika kiwanda kidogo hapa Nairobi, ambako yeye ndiye mpika pombe. Kijana huyu alisomea isimu na Kiswahili, kisha akaona heri mapipa kuliko chaki. Simlaumu. Alinimiminia bilauri ndefu, akaanza kunisimulia ladha zake kwa Kiingereza fasaha. Nilipomwomba anieleze kwa Kiswahili alicheka.

"Mwalimu, kwa Kiswahili nitasema ni tamu au ni chungu, basi. Maneno mengine hatuna."

Walimu wenzangu wataelewa jinsi kauli hiyo ilivyonichoma. Semantiki alifundishwa na mimi.

Niliinua bilauri. Bia ya ngano haing'ai kama ile iliyozoeleka, kwa kuwa protini za ngano na chembe za hamira huachwa mle mle bila kuchujwa. Imetibuka, nikamwambia, ikiachwa ikatuama, mashapo yatakaa chini. Nikaonja. Uchungu ulikuwa kidogo, uchachu ulikuwa wa mbali, na ule ukakasi wa ndizi mbichi, unaoukausha ulimi, haukuwapo. Haikuwa kali, wala haikuwa chapwa. Kijana akanyamaza.

Ndipo zikanijia harufu mbili: ndizi mbivu na karafuu. Nilimwuliza ametia karafuu kiasi gani.

"Sijatia hata punje moja, Mwalimu."

Alinieleza kwamba siri iko katika hamira. Bia ya namna hii asili yake ni Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na hamira yake inapochachusha kimea hutoa kemikali mbili: moja ni ile ile iliyomo katika ndizi mbivu, nyingine inakaribiana sana na ile ya karafuu. Pipa likipata joto zaidi, aghalabu ndizi huzidi nguvu.

Sasa tutafakari. Huko Bavaria, mwaka 1516, ilitolewa amri kwamba bia ipikwe kwa shayiri, maua ya hopsi na maji tu. Hamira haikutajwa, na ngano haikuruhusiwa, mpaka watawala wenyewe walipoigeuza bia ya ngano kuwa haki yao na chanzo cha mapato. Migomba haistawi huko, wala mikarafuu. Hata hivyo, Mbavaria akitaka kuisifu bia yake hana budi kuazima tunda linalojaa masoko ya Kisii na kiungo kinachoanikwa juani kisiwani Pemba. Naye haoni haya, wala hasemi kwamba Kijerumani ni lugha maskini.

Sisi je? Pwani, utomvu uliogemwa sasa hivi ni tembo tamu. Ukichacha, ni tembo kali. Kwetu magharibi, bibi yangu alipika busaa. Aliuvundika unga wa mahindi, akaukaanga, akauchanganya na kimea cha wimbi. Wateja wake walikuwa wa makabila mengi, hivyo biashara yote aliiendesha kwa Kiswahili. Nilimsikia akisema hii bado changa, ile imeiva, ile nyingine imepita, msiinywe. Karo yangu ilitoka katika mitungi hiyo. Kuna siku askari walikuja wakaimwaga yote uani, wakaenda naye.

Muhula uo huo tulitakiwa shuleni kuandika insha juu ya madhara ya pombe. Niliandika kwa ufasaha, nikasifiwa mbele ya darasa. Nilipofika nyumbani niliificha ile insha chini ya godoro ili bibi, ambaye alijua kusoma kidogo, asiione. Maneno yake hayakuingia katika insha yangu, na sina hakika kwamba yangeruhusiwa.

Nisieleweke vibaya. Aliye chini ya umri wa miaka 18 hana ruhusa ya kunywa, na yale madhara tuliyoandika ni ya kweli. Lakini mwanafunzi anaweza kutumwa kwa mama muuza uji, kwa mpika maandazi au kwa mgema, daftari mkononi, akaulize kitu kilichochacha kinaitwaje kabla hakijaharibika. Kijana wangu alipita mikononi mwangu miaka minne bila hata mara moja kutumwa hivyo. Kosa hilo ni langu.

Kabla sijaondoka alichukua chaki, akafuta ubao uliokuwa juu ya kaunta, akaandika: "Bia ya ngano. Imetibuka, haina ukakasi. Yanukia ndizi mbivu na karafuu." Akarudi nyuma hatua mbili akausoma. Kisha akaniuliza, hopsi tuziiteje? Nilimwomba anipe mpaka Jumamosi ifuatayo.