Magazeti na Mfuko wa Mnunuzi

Mkulima msomaji, ukifungua gazeti nadhani watafuta kwanza bei ya mahindi na maziwa. Vema. Lakini bei ya kesho imo mikononi mwa mnunuzi, na yeye hununua kwa moyo wenye raha au wenye hofu.

Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Michigan kimewauliza watu juu ya jambo hili tangu miaka ya 1940. Je, hali yako ya fedha ni afadhali kuliko mwaka jana? Je, sasa ni wakati mzuri wa kununua vyombo vikubwa vya nyumbani? Ni kazi njema, ila majibu hungojwa kwa majuma. Kwa hiyo wataalamu wa tawi la benki kuu lililoko San Francisco walitengeneza kipimo cha kila siku. Kompyuta husoma habari za uchumi magazetini na kuyapa maneno alama: “hasara” na “hofu” hupunguza, “faida” na “nafuu” huongeza. Hata “si nzuri” sharti isihesabiwe kuwa “nzuri”, kosa ambalo nililisahihisha sana katika madaftari nilipokuwa mwalimu.

Faida yake ni upesi. Tarehe 9 Machi 2020 ilitangazwa kwamba Italia nzima inafungwa kwa sababu ya korona. Siku chache baadaye bei za maua zilianguka katika mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, maua yakatupwa, na wafanyakazi wengi wa mashamba ya Naivasha wakarudishwa makwao. Habari ilitangulia, hasara ikafuata.

Lakini usiliamini gazeti kupita kiasi. Mwezi wa Juni 2022 bei ya petroli na chakula ilikuwa imepanda, na kipimo cha Michigan kikashuka hadi 50, chini kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Hata hivyo Wamarekani waliendelea kununua. Walinung'unika, lakini kazi walikuwa nazo na mishahara ilikuwa ikiingia.

Basi, kama wataka kuchukua mkopo wa ng'ombe wa pili, kichwa kimoja cha habari kisikutishe wala kisikuvute. Habari zikiwa mbaya majuma mawili mfululizo, nenda mjini ukamwulize mwenye hoteli anayenunua maziwa yako: wateja wake bado wanaagiza chai ya maziwa, au wameanza kunywa ya rangi?