KISUKARI KWA WANYAMA WA NYUMBANI (4): Samaki Waliotufundisha Insulini, na Paka wa Kasingirima

Siku ya Kisukari Duniani imepita Novemba 14, tarehe aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini, mwaka 1891. Kama ilivyo desturi, redio na magazeti yalimtaja yeye na msaidizi wake Charles Best, yakawataja mbwa wa Toronto waliofanyiwa majaribio, yakaishia hapo. Kila mwaka nasubiri mtu awataje samaki, na kila mwaka hawatajwi. Safari hii nimeamua kuwataja mwenyewe, tena nina sababu ya karibu: mama mmoja wa Kasingirima anayefuatilia mfululizo huu ameniletea swali kuhusu paka wake anayechomwa insulini. Swali lake nitalijibu. Lakini tuanze na samaki, maana kichupa anachokitumia mama huyu kina mkono wao ndani yake.

Kazi mbili za kongosho tulizieleza katika makala ya kwanza, sizirudii. Vijisiwa vinavyotengeneza insulini alivibaini Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, mwaka 1869, mwaka uleule David Livingstone alipoingia Ujiji kwa mara ya kwanza, hoi kwa maradhi. Kwa ng'ombe, mbwa, paka na binadamu, vijisiwa hivyo vimetawanyika ndani ya kongosho, vimezungukwa na nyama inayotoa juisi ya kumeng'enyea chakula. Kuvitenga ni kazi kubwa, na watafiti walihangaika hapo kwa miaka mingi.

Samaki wa mifupa wameumbwa kwa namna nyingine. Kwa aina nyingi, vijisiwa vimejikusanya kuwa tezi ndogo zinazokaa peke yake, karibu na mfereji wa nyongo. John Rennie wa Aberdeen, Scotland, aliliona jambo hili mapema. Yeye na Thomas Fraser waliwalisha wagonjwa wa kisukari tezi za samaki, wakachapisha matokeo mwaka 1907. Hawakufika mbali, kwa kuwa insulini ikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama nyingine yoyote. Lakini wazo lilikuwa sahihi, na lilibaki pale likimsubiri mtu.

Mtu huyo alikuwa J.J.R. Macleod, profesa aliyempa Banting maabara. Habari za Leonard Thompson, kijana mwenye kisukari aliyechomwa insulini Januari 1922, tulizisoma wiki iliyopita. Kiangazi cha mwaka huohuo Macleod aliondoka Toronto akaenda pwani ya New Brunswick, kwenye kituo cha utafiti wa bahari cha St Andrews. Alipasua samaki, akatenga tezi za vijisiwa upande mmoja na nyama ya kongosho upande mwingine, akakamua kila upande peke yake. Tezi zilitoa insulini. Nyama ya kongosho haikutoa kitu cha maana. Lililokuwa likidhaniwa kwa muda mrefu likapata ushahidi, na shahidi alikuwa samaki.

Wasomaji wa mwambao wetu wana haki ya kulijua hili kuliko watu wengine wote. Perege ni wa ukoo mmoja na kuhe wa Tanganyika, na ni tezi za perege ambazo James Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walizipandikiza kwenye panya wenye kisukari katika miaka ya 1990, na sukari ya panya wale ikashuka. Sisi samaki hao tunawapasua kila siku Kibirizi na Ujiji, matumbo tunayatupa, huku wanafunzi wetu wakichora kongosho kwa kunakili ubaoni. Nimelisema kwa walimu na nitaendelea kulisema: somo la homoni lifundishwe mwaloni. Tezi za perege ni ndogo kama kichwa cha pini, zataka kioo cha kukuzia na mwalimu asiyeogopa kunuka mikono. Mtoto atakayeziona mwenyewe hatosahau, na akiwa mzazi hatamwambia jirani kwamba kisukari ni kurogwa.

Samaki hawakuishia kutufundisha. Insulini ya mwanzo iliisha nguvu baada ya saa chache, wagonjwa wakachomwa mara kwa mara hadi usiku. Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn wa Denmark aliichanganya na protamini, iliyotolewa kwenye mbegu za kiume za samaki aina ya trauti, ikawa inayeyuka polepole chini ya ngozi. Wenzake wa Toronto wakaongeza zinki. Mwaka 1946 ikapatikana ile tunayoiita NPH, iliyopo kwenye maduka yetu ya dawa. Kitazame kichupa kilichotulia: unga mweupe umekaa chini, maji maangavu yako juu. Kabla ya kuvuta dozi, kiviringishe taratibu katikati ya viganja mpaka chote kiwe cheupe sawasawa. Usikitikise kwa nguvu.

Sasa paka. Ni dume aliyehasiwa, mzee, mnene, amelelewa kwa wali na ugali wa mchuzi. Mama anampima sukari asubuhi: leo 22 (mmol/L), anaongeza dozi, kesho 6, anapunguza, keshokutwa 24, anaongeza tena. Ameniuliza dozi sahihi ni ipi.

Mama yangu, kwa mwendo huo haitajulikana kamwe. Kipimo cha asubuhi hakiamui dozi. Kinachoamua ni sukari ya chini kabisa kati ya sindano moja na nyingine, na ili uijue lazima umpime kila baada ya saa 2, tangu sindano hadi sindano, kwa tone la damu ya ukingo wa sikio. Pale chini kabisa patafutwe kati ya 4.5 na 8. Paka wengi huanzishiwa uniti 1 asubuhi na 1 jioni, dozi ikaachwa wiki nzima au zaidi, ndipo daktari wa mifugo aongeze au apunguze nusu uniti, pengine uniti nzima. Ikionekana hatari ya kushuka mno, dozi hupunguzwa papo hapo bila kusubiri wiki iishe. Anayebadili kila siku anamyumbisha mnyama, kisha anamlaumu kwa kuyumba.

NPH humwishia paka mapema, mara nyingi kabla ya saa 8, kwa hiyo 22 ya asubuhi huenda ni dawa iliyokwisha usiku. Ongea na daktari kuhusu glajini, insulini inayodumu zaidi. Kumkamata kwa nguvu nako kunapandisha sukari, maana sukari ya paka mwenye hofu hupanda hata akiwa mzima. Mashine ya binadamu mara nyingi husoma chini kidogo ya ukweli kwa damu ya paka. Tena tazama bomba lako: kwenye bomba la uniti 100, mstari mmoja ni uniti 2, na huwezi kukisia nusu mstari kwa mnyama wa kilo 4. Tafuta bomba la uniti 30 lenye mistari ya nusu.

Kuhusu joto letu, kama huna friji chungu cha udongo chenye unyevu kinatosha kwa kichupa ulichokwisha kukifungua. Uchunguzi wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliotokana na hali ya kambi ya Dagahaley huko Dadaab na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha insulini inabaki salama wiki 4 joto likicheza kati ya nyuzi 25 na 37. Nawaomba pia wenye paka wasichukue dawa ya wagonjwa: kichupa cha mgao wa zahanati ni cha binadamu, cha paka kinunuliwe.

Wali na ugali uache kidogokidogo, umpe dagaa wasio na chumvi na migebuka waliochemshwa na kutolewa miiba. Mabadiliko hayo peke yake hushusha sukari, kwa hiyo mpime zaidi wakati huo, daktari apunguze dozi. Wapo paka waliowahiwa ambao huacha insulini kabisa. Ukimwona anayumba, anatetemeka au hainuki, mpake asali kwenye fizi mara moja, mpe chakula akiweza kumeza, mwite daktari, na sindano inayofuata isichomwe mpaka umpime. Asiyekula hachomwi dozi nzima kabla ya kuuliza.

Makala ijayo: mbwa, na kwa nini insulini yake ni sawasawa na ya nguruwe.