Huzuni inayorudi kila majira: tuangalie kalenda



Kuna mama ambaye mwaka mzima yuko sawa, lakini mvua kubwa ikianza tu anabadilika. Hapiki, hataki kuongea na watu, usiku hana usingizi. Majirani wanasema ni uvivu, wengine wanasema amerogwa. Pengine ni ugonjwa. Unaitwa sonona, yaani huzuni nzito isiyotoka, na kwa watu wengine unakuja kwa majira.

Je, ni sababu ya jua?

Ndugu zetu walioenda kuishi Norway wanapiga simu mwezi wa Desemba wakisema roho ni nzito. Ni kweli. Mjini Oslo mwezi huo mchana ni kama saa 6 tu. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani waliueleza ugonjwa huo: baridi na giza vikija, mtu analala sana na kula sana, mwanga ukirudi, anapata nafuu.

Kwetu ni tofauti. Ikweta inapita Kikorongo, wilayani Kasese, na mchana ni kama saa 12 mwezi wowote. Basi tujiulize: majira hayo yanakuja na nini?

Mvua inaleta malaria, na chakula kinapungua kabla ya mavuno. Aliyeona Mto Nyamwamba ukibeba nyumba Mei 2013 au Mei 2020, akisikia mvua usiku anashtuka. Upande wa Bwera, Juni inakumbusha usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shule ya Lhubiriha pale Mpondwe iliposhambuliwa na watu zaidi ya 40 wakauawa. Na sisi wakimbizi, kila familia ina mwezi wake wa kukimbia.

Inapimwaje?

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona. Damu inapimwa ili kuona kama ni malaria, upungufu wa damu au ugonjwa mwingine. Kisha mganga anauliza maswali. Orodha moja inayotumika sana ina maswali 9 juu ya wiki 2 zilizopita: raha, usingizi, chakula, nguvu, kujilaumu, mawazo ya kufa na mengine. Kila jibu lina alama 0 mpaka 3. Jumla ikifika 10 au zaidi, anachunguza zaidi.

Ili kusema ni ya majira, anataka kujua kama imekuja na kuondoka wakati uleule miaka 2 mfululizo. Hapo familia inasaidia. Andikeni kwenye daftari: ilianza mwezi gani, iliisha lini, kulikuwa na nini. Nendeni nalo kituo cha afya.

Mgonjwa akisema anataka kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni siku hiyohiyo. Kumuuliza waziwazi hakumpi wazo hilo.

Inatibika

Mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai hapa Uganda, watu wenye sonona walikutana kila wiki katika vikundi na kuzungumza juu ya shida zao. Wengi walipata nafuu kubwa. Dawa pia zipo, mganga akiona zinahitajika.

Mama, baba, mkijua mwezi mbaya unakaribia, msingoje. Gawaneni kazi mapema, mtembeleeni mgonjwa, mpelekeni kituoni kabla hajalemewa.

Tuonane mwezi ujao.